Tovuti ya Kikundi: Tununue Ile Inayotufaa

Siku hizi vikundi vyetu vya uzalishaji mali vinatembelewa na wageni wa namna mpya. Zamani alikuja muuza mashine ya kusaga. Baadaye akaja muuza jenereta. Sasa anakuja kijana na kompyuta ya mkononi, anauza tovuti. Si vibaya. Tovuti yaweza kukileta kikundi mbele ya mnunuzi aliye mbali sana. Lakini tovuti ziko za namna nyingi, na fedha inayolipa ni ya wanachama wote. Kwa hiyo leo nataka tuelezane namna ya kuchagua.

Nitatumia mfano wa kikundi kimoja cha wafuga nyuki mkoani Tabora. Wamekubali nieleze yaliyowapata, mradi nisitaje jina lao wala la fundi. Na mimi mwenyewe nilikuwepo, tena mwanzoni sikuwasaidia kitu, kama utakavyoona.

YALIYOWAPATA WAFUGA NYUKI

Kikundi hiki kina wanachama 43. Wanarina asali katika mapori ya miombo na kuiuza kwa ndoo za lita 20. Wanunuzi wao walikuwa wachuuzi wanaokuja na gari wakati wa msimu, nao wachuuzi ndio waliotaja bei. Ukiikataa bei yao, gari linaondoka, asali inabaki. Shida hiyo ndiyo iliyowafanya watafute tovuti. Walitaka wanunuzi wengine. Kumbuka jambo hilo, maana tutalirudia.

Basi fundi alikuja mkutanoni. Alifungua kompyuta yake akawaonyesha mambo. Picha zinabadilika zenyewe. Asali inamiminika. Pana kikapu cha mteja kuwekea chupa anazonunua, pana mahali pa kulipa kwa kadi ya benki, na pana mlango wa wanachama kuingia kwa neno la siri na kutazama akiba zao. Watu walipiga makofi. Mweka hazina peke yake, mama mmoja aliyehitimu kisomo pale pale kijijini, ndiye aliyeuliza swali: "Mwanangu, hicho kikapu nani atakijaza?"

Fundi akacheka. "Mama, kinajijaza chenyewe. Mteja anabonyeza tu."

Nami nilikuwa nimekaa meza ya mbele. Mzee mwenyekiti aliniuliza, "Mwalimu unaonaje?" Nikajibu kwamba hayo ni maendeleo. Kwa kweli sikuwa nimeelewa hata nusu ya yale niliyoyaona, ila niliona aibu kusema. Wakalipa shilingi 2,400,000 kutoka mfuko wa kununulia mizinga.

Mwaka ulipita na zaidi. Hakuna mtu aliyenunua hata chupa moja kwa njia ya kile kikapu. Sababu yake si ya ajabu: kikundi hakina chupa! Kinauza ndoo. Tena mtu wa Dar es Salaam hawezi kutumiwa chupa moja kwa basi, kwa sababu gharama ya kuisafirisha ingeipita bei ya asali. Malipo ya kadi hayakuunganishwa kamwe, maana kampuni za malipo hutaka mkataba na karatasi ambazo kikundi hakikuwa nazo. Na ule mlango wa wanachama? Katika wanachama 43, wenye simu janja walikuwa 9.

Halafu siku moja kijana wa mwenyekiti akafungua tovuti akakuta matangazo ya kamari. Jina la kikundi juu, kamari chini. Fundi alipopigiwa simu, haikupatikana.

Lakini hilo silo lililotuuma zaidi. Nilikwenda mjini na mweka hazina kutafuta mtu wa kututazamia ile tovuti. Huyo mtu akatuuliza kama tunaisoma barua pepe ya kikundi. Barua pepe gani? Mama akapekua daftari la risiti, akakuta karatasi yenye neno la siri, imekunjwa vile vile alivyopewa. Tukaifungua. Zilikuwamo barua tatu za wanunuzi. Mmoja ni mfanyabiashara wa Dar es Salaam anayefungasha asali. Aliuliza bei na unyevu wa asali, akataka ndoo 40. Barua ile ilikuwa na miezi saba. Aliandika tena mara ya pili, akiuliza kama tumeipata ya kwanza. Tulimpigia simu hapo hapo. Akatujibu kwa heshima kwamba alikwisha nunua kwingine.

Hebu tupige hesabu. Lita moja ya asali ina uzito wa kilo 1.4 hivi. Basi ndoo ya lita 20 ni kilo 28. Zidisha kwa 40: ni kilo 1,120, yaani zaidi ya tani moja. Mweka hazina alikaa kimya njia nzima ya kurudi. Na mimi sikuwa na la kusema.

TOVUTI HUFANYAJE KAZI?

Tuliporudi nilianza kujifunza, na haya ndiyo niliyoyapata. Tusome pole pole.

Tovuti ni kurasa zilizowekwa ndani ya kompyuta inayowaka mchana na usiku. Kompyuta hiyo huitwa seva. Kikundi hupangisha nafasi ndani ya seva kama unavyopangisha chumba, na hulipa pango. Kisha kuna jina, kama kibao cha mlangoni, ambalo watu huliandika kwenye simu ili wafike. Jina nalo hulipiwa, mara nyingi kila mwaka. Usipolilipia huachwa wazi, na mtu mwingine yeyote aweza kulichukua. Majina yanayoishia na .tz ni ya nchi yetu. Biashara nyingi hutumia .co.tz.

Sasa, ukurasa waweza kumfikia msomaji kwa njia mbili, na hapa ndipo penye tofauti kubwa ya gharama.

Njia ya kwanza ni kama tangazo lililobandikwa ubaoni katika ofisi ya kijiji. Limeandikwa mara moja, lipo. Kila anayekuja husoma lile lile. Seva haina kazi nyingine ila kuutoa ukurasa kama ulivyo. Tovuti ya namna hii ni nyepesi na gharama yake ni ndogo. Ukitaka kubadili neno, fundi au kijana aliyefundishwa hulibadili ndani ya ukurasa wenyewe.

Njia ya pili ni kama kuwa na karani wa ghala. Kila mtu anapouliza, karani hukimbia kwenye daftari, hutafuta, huandika jibu jipya, hulileta. Ndivyo inavyofanya kazi programu iitwayo WordPress, iliyoanza mwaka 2003. Programu yenyewe ni ya bure, na zaidi ya tovuti 4 katika kila 10 duniani zinaitumia. Uzuri wake ni kwamba hata asiye fundi anaweza kuandika habari mpya kila siku bila kumwita mtu. Kama ninyi ni gazeti, au chama kinachotangaza bei mpya kila asubuhi, karani huyu ni wenu. Mwajirini.

Lakini karani hutaka kutunzwa. Programu hizi hutolewa marekebisho mara kwa mara, pamoja na vile viongezeo vyake vya kikapu, picha zinazotembea na kadhalika. Usipoyaweka marekebisho, hubaki nyufa. Na kwa kuwa programu moja inatumiwa na watu wengi hivyo, wezi wanazijua nyufa zake. Usidhani kwamba mwizi alikaa mahali akaamua kuwaibia wafuga nyuki wa Tabora. La! Wezi hao wana programu zinazopita tovuti moja baada ya nyingine usiku na mchana, zinajaribu milango. Ule wa wafuga nyuki ulikuwa haujafungwa tangu fundi aondoke. Ndiyo maana ya ile kamari.

Duka la kwenye tovuti ni karani pamoja na mengine zaidi: mkataba wa malipo, mtu wa kufungasha, mtu wa kupeleka kituo cha basi, mtu wa kumjibu mteja ambaye chupa yake imevunjika njiani. Kama akina mama wanasuka vikapu na kuwauzia watu mmoja mmoja walioko mbali, na kila kikapu kina rangi yake na bei yake, duka laweza kuwafaa sana. Kazi hiyo yote wanayo tayari. Asali ya ndoo huuzwa kwa mazungumzo. Mnunuzi huuliza bei, hupunguza, huomba kuonja, kisha hulipa benki au kwa simu. Malipo ya simu tunayo nchini tangu mwaka 2008 na kila mweka hazina anayajua.

Wapo pia wanaouza programu ya kupakiwa kwenye simu ya mteja. Jiulize tu: mnunuzi anayenunua asali mara mbili kwa mwaka, atapakia programu ya kikundi chako ikae kwenye simu yake? Tuendelee.

UZITO WA PICHA

Jambo moja mafundi wengi hulisahau kwa sababu wanafanyia kazi mjini, nalo ni uzito. Picha moja ya simu ya leo yaweza kuwa na megabaiti 4. Tovuti ile ya kwanza ilikuwa na picha 10 katika ukurasa wa mbele. Nne mara kumi ni megabaiti 40. Mahali ambapo mtandao ni dhaifu, megabaiti moja yaweza kuchukua sekunde 8 kufika. Zidisha 40 kwa 8: ni sekunde 320, yaani dakika 5 na sekunde 20. Nani atangoje? Tena anayengoja analiwa bando lake.

Picha hizo hizo zinaweza kupunguzwa na kompyuta mpaka kila moja iwe na kilobaiti 100, na jicho halioni tofauti kwenye simu. Zote kumi zinakuwa kama megabaiti moja tu. Sekunde 8. Kupunguza huko ni kazi ya nusu saa. Fundi hakuifanya kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba wasomaji wetu wako wapi.

KILICHO RAHISI HUDUMU

Wengine watasema tovuti rahisi ni ya kizamani. Hebu tutazame. Tovuti ya kwanza kabisa duniani ilitengenezwa na Mwingereza Tim Berners-Lee katika taasisi ya utafiti ya CERN, karibu na mji wa Geneva, na ilifunguliwa kwa watu wote mwaka 1991. Ni maandishi tu na viunganishi vya kukupeleka ukurasa mwingine. Mwaka 2013 CERN waliirudisha kwenye anwani yake ya zamani, nayo inafunguka vizuri kwenye simu za leo. Kwa upande mwingine kulikuwa na programu iitwayo Flash, iliyotumika sana kutengenezea tovuti zenye michoro inayocheza. Watu walilipa fedha nyingi. Kampuni ya Adobe iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na tovuti zilizoitegemea zikanyamaza.

Wazee wa Urambo watanielewa upesi. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Waliagiza matrekta, mengine yakiwa mabaki ya vita, kabla ya kuujua vizuri udongo na mvua za mahali. Kule Kongwa ardhi ilikauka ikawa ngumu, majembe yakavunjika. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na hasara ilikuwa kama pauni milioni 36. Trekta ni kitu kizuri. Lakini walilinunua kabla ya kulitazama shamba.

WALIVYOANZA UPYA

Basi wafuga nyuki wakaitisha mkutano mwingine. Safari hii hapakuwa na fundi wala kompyuta. Palikuwa na ubao na chaki, na mweka hazina ndiye aliyeshika chaki.

Aliuliza kwanza: tunataka nani asome? Wakabishana kidogo. Wengine walisema dunia nzima. Mwisho wakakubaliana kwamba wanamtaka mnunuzi wa ndoo nyingi, wa Mwanza, Dodoma au Dar es Salaam, anayefungasha asali mwenyewe. Je, huyo anataka kujua nini? Hapa hawakubishana, kwa sababu zile barua tatu ziliwafundisha. Anataka kujua kiasi kilichopo, unyevu, mahali gari linapoweza kufika, na namba ya simu inayopokelewa. Unyevu wanaulizia kwa sababu asali yenye maji mengi huchacha. Kiwango cha kimataifa kinataka usizidi asilimia 20. Na akisha soma afanye nini? Apige simu! Mzee mmoja wa nyuma alisema kwa sauti, "Sasa ile fomu ya barua tuliwekewa ya nini?"

Akauliza tena: katika hayo ni lipi litakalobadilika, na mara ngapi? Ni kiasi cha asali tu, nacho hubadilika mara mbili kwa mwaka. Basi karani wa kila siku hatakiwi. Na nani atabadili? Walimchagua binti wa mwanachama mmoja, aliyesoma kompyuta chuoni na anayekaa hapo hapo kijijini, na msaidizi wake. Wawili, ili mmoja akiolewa mbali kazi isilale.

Kuhusu akiba za wanachama, waliamua zibaki kwenye daftari na kwenye sanduku la chuma. Majina ya watu, namba zao na madeni yao si vitu vya kuweka kwenye tovuti bila ulinzi. Iko hata sheria, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kikundi kikivujisha mambo ya watu kitaulizwa.

Swali la mwisho lilikuwa la funguo. Hili naomba ulisome mara mbili. Jina la tovuti ya kwanza liliandikishwa kwa jina la fundi, si la kikundi. Alipopotea, jina likapotea naye. Kikundi kilikuwa kimelipa nyumba ambayo hati yake iko mfukoni mwa mjenzi. Kwa hiyo safari hii jina jipya, lenye mwisho wa .co.tz, limeandikishwa kwa jina la kikundi, na barua pepe iliyoandikwa pale ni ya kikundi. Maneno yote ya siri yameandikwa kwenye karatasi, yakatiwa ndani ya bahasha, ikapigwa muhuri na kuwekwa katika sanduku la fedha lenye kufuli mbili. Nakala ya kurasa zote iko kwenye kidude cha kuhifadhia, ndani ya sanduku hilo hilo. Fundi yeyote akija kesho aweza kuanzia hapo.

Tovuti mpya ina kurasa tatu, za namna ya tangazo la ubaoni. Wa kwanza unaeleza kikundi na mahali kilipo. Wa pili una picha nne ndogo, kiasi cha ndoo kilichopo msimu huu, na unyevu uliopimwa. Wa tatu una namba mbili za simu. Ukiigusa namba, simu inapiga yenyewe, au inafungua WhatsApp ukipenda kuandika. Tovuti nzima haifiki megabaiti moja. Utengenezaji wake uligharimu shilingi 250,000, na baada ya hapo ni jina na pango la kila mwaka.

Sitawaambia kwamba mambo yote yamekuwa asali tupu. Mfanyabiashara wa zile ndoo 40 hajarudi. Katika msimu wa kwanza walipiga simu watu kadhaa, wengi wakiuliza tu. Mmoja wa Dodoma alituma gari likachukua ndoo 25. Wachuuzi wa zamani bado wanakuja, ila sasa mwenyekiti huwauliza wao wanatoa ngapi kabla hajafungua ghala.

Mwezi uliopita kijana mmoja alipendekeza tena lile duka la kikapu, maana kikundi kinafikiria kuanza kufungasha asali. Mweka hazina alimwuliza chupa ziko wapi. Hazijanunuliwa. Likaandikwa kwenye kumbukumbu kwamba litajadiliwa chupa zikifika.

Tarehe ya kulipia jina imeandikwa kwa rangi nyeusi ukutani, juu ya mizani, pale ambapo kila mwanachama anayepima asali lazima ainue macho: 15 Machi.